Bunduki, Mizigo na Mikono: Barua za Washirika wa Biashara wa Karne ya 19 kama Matini ya Fasihi

Katika makala hii tunakusudia kuzichunguza barua za biashara walizoandikiana washirika wa karne ya 19, na kuuliza kama zina nafasi yoyote katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Hatuulizi swali hili ili kuongeza utanzu mwingine kwenye orodha, maana orodha zetu za tanzu ni ndefu tayari na hazijatusaidia sana. Tunauliza kwa sababu tunaamini kuwa ndani ya barua hizo, kuliko ndani ya tenzi nyingi za wakati ule ule, tunaweza kuona jinsi adabu ya lugha ilivyofanya kazi ya mtaji, na jinsi adabu hiyo hiyo ilivyoamua ni nani atakayetajwa kama mtu na ni nani atakayehesabiwa kama kitu.

Swali lilizuka katika semina ya uzamili. Tulikuwa tukiyasoma Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, na mwanafunzi mmoja ambaye shahada yake ya kwanza ilikuwa ya historia ya uchumi akataka kujua kwa nini Wamarekani huzisoma barua za matajiri wao wa chuma cha pua, Andrew Carnegie na Henry Clay Frick, kana kwamba ni tamthilia, ilhali sisi tunaziachia barua za matajiri wetu wahifadhi wa nyaraka na wanahistoria. Jibu nililompa siku ile lilikuwa la haraka na halikunitosheleza mimi mwenyewe. Nilisema kuwa barua ya biashara haina ubunifu. Nilipokuwa nikirudi nyumbani Matisi, pembezoni mwa mji wa Kitale, nikakumbuka kwamba kwa miaka kadhaa nimekuwa jirani wa karakana ya fundi wa kuchomelea mageti ambaye mshirika wake yuko Bungoma, na kwamba kabla ya simu za mkononi kuenea wawili hao waliendesha ushirika wao wote kwa vikaratasi vilivyosafiri na matatu pamoja na nondo na vyuma vya mraba. Fundi huyo amevihifadhi vikaratasi vyake. Vimetungwa kwenye waya uliopindwa ukutani, kimoja juu ya kingine, na ukivisoma kwa mfululizo utaona wahusika, mgogoro, kilele na hata kejeli. Kusema kuwa maandishi ya namna hiyo hayana ubunifu ni kukiri kwamba hatujayasoma.

Barua na mlango wa fasihi

Wahakiki wa Kiswahili hawajaikataa barua kabisa. Wameikubali kwa sharti kwamba mwandishi wake awe amekwisha kukubaliwa kwa sababu nyingine. Barua za Shaaban Robert za miaka ya 1931 hadi 1958, zilizochapishwa mwaka 2002, zilipokewa kwa furaha na wasomi, nasi tulikuwa miongoni mwao. Lakini zilipokewa kwa kuwa ni za Shaaban Robert. Ni barua za mshairi, na msomaji huzipekua akitafuta mbegu za mashairi. Mfanyabiashara ambaye hakutunga hata ubeti mmoja hana mlango wa kuingilia.

Ajabu ni kwamba barua ni miongoni mwa nathari kongwe kabisa za Kiswahili tulizo nazo. Ukiziondoa tenzi na mashairi, sehemu kubwa ya kile kilichoandikwa kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu katika karne ya 19 ni barua, hati za madeni, mikataba na wosia. Mjerumani C. G. Büttner alipokusanya maandishi ya Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wa Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1887, alichapisha mwaka 1892 kitabu cha nyaraka za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, zikiwemo barua. Lengo lake halikuwa la kifasihi. Alitaka maofisa wa kikoloni waweze kusoma kile walichoandikiwa na wenyeji, na yamkini hata kile ambacho hawakuandikiwa. Lakini nia ya mkusanyaji haiyafungi maandishi. Tenzi ngapi tunazoziheshimu leo zilinakiliwa na wamisionari kwa nia ambazo tusingezikubali?

Tuutazame muundo wa barua ya wakati huo, maana fani hapa si pambo. Barua hufunguliwa kwa kumwelekea mpokeaji kwa mlolongo wa sifa: ila jenabi sheikhe, al-muhibu, al-akramu, hadi jina lenyewe lifikiwe. Kisha salamu na dua. Kisha hali: mwandishi huarifu kuwa yu mzima, na jamaa walio naye ni wazima, na hutaraji kuwa mpokeaji naye yu katika hali hiyo. Ndipo huja neno dogo lenye uzito kuliko yote, wa baada, ambalo ni bawaba ya barua nzima. Kabla yake kuna undugu na baada yake kuna mali. Waraka wako umewasili, yaliyomo nimeyafahamu, na sasa tuseme habari ya pembe, ya nguo, ya deni. Mwishoni adabu hurudi, haja yako ni haja yangu, na salamu.

Msomaji wa haraka huruka sehemu ya kwanza na kuanzia wa baada. Hilo ndilo kosa. Katika biashara ambamo mkopaji alikuwa safari ya miezi kadhaa kutoka kwa mkopeshaji, ambamo hapakuwa na polisi wala hakimu wa kumfuata mtu Manyema, dhamana iliyobaki ilikuwa jina, na jina lilitunzwa kwa maneno. Sifa zikipunguzwa, mpokeaji aliyesomewa waraka barazani alijua papo hapo, na waliokuwa wameketi naye walijua pia. Kumpunguzia mshirika sifa mbili kulikuwa sawa na kumpunguzia mkopo. Ndiyo maana tunadai kwamba adabu ilikuwa sehemu ya rasilimali, na kwamba uchambuzi wa barua hizi unaoanza na bei ya frasila umeanzia katikati ya hadithi.

Washirika wa Pittsburgh

Ni vyema sasa tuitazame ile jozi ya Wamarekani iliyoleta swali semina, kwa sababu inatupa kipimo. Carnegie alizaliwa Dunfermline, Scotland, mwaka 1835, yaani takriban miaka miwili tu kabla ya Tippu Tip. Frick alizaliwa mwaka 1849 na utajiri wake ulianza na makaa ya mawe yanayookwa kwa ajili ya tanuri za chuma. Mapema katika miaka ya 1880 mmoja mwenye tanuri na mwingine mwenye makaa waliungana, na mwaka 1889 Frick akawa mwenyekiti wa kampuni. Carnegie hakukaa Pittsburgh. Aliishi New York, na kila mwaka alikuwa na miezi yake ya Scotland. Kwa hiyo ushirika wao uliishi ndani ya barua na simu za maandishi, na hii ndiyo sifa inayoufananisha na ushirika wa tajiri wa Unguja na msafiri wa bara: mmoja yuko mahali pa tukio, mwingine yuko mahali pa hesabu.

Mwaka 1892 mkataba wa wafanyakazi wa kiwanda cha Homestead ulikuwa unamalizika. Carnegie alikuwa ng'ambo. Barua alizomwandikia Frick kabla ya mgogoro zilimhakikishia kuwa atamuunga mkono katika lolote atakalolitenda dhidi ya chama cha wafanyakazi. Frick alikodi askari wa kampuni ya Pinkerton wapatao 300, wakasafirishwa kwa mashua usiku kwenye mto Monongahela, na tarehe 6 Julai palitokea mapigano yaliyoua watu wapatao 10, wengi wao wafanyakazi. Baada ya wiki mbili na ushei, Alexander Berkman aliingia ofisini kwa Frick akampiga risasi. Frick alipona.

Linalomhusu mhakiki ni barua zilizofuata. Kwa Frick, Carnegie aliendelea kuandika maneno ya kumtia nguvu. Kwa William Gladstone, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, aliandika mwezi Septemba kwamba jaribio la kukiendesha kiwanda kwa watu wapya lilikuwa hatua mbaya. Wasifu wengi wa Carnegie huitaja tofauti hii kama ushahidi wa unafiki, na kuishia hapo. Sisi tungependa kwenda mbele kidogo. Mwandishi wa barua hana nafsi moja iliyosimama tayari kabla ya kalamu. Kila mpokeaji humzalia nafsi nyingine. Nafsi iliyomwandikia Frick ilikuwa ya mwenye hisa. Ile iliyomwandikia Gladstone ilikuwa ya mtu aliyechapisha mwaka 1889 maandishi mashuhuri juu ya wajibu wa matajiri kwa jamii. Zote mbili zilikuwa za kweli, na ndipo ubaya ulipo, kwa sababu umbali uliziruhusu zikae bila kukutana. Barua ilimwezesha mtu kutoa idhini bila kutoa amri.

Kuna neno moja zaidi. Kiingereza cha viwanda kiliwaita wafanyakazi mikono. Mwajiri aliandika kwamba anahitaji mikono mia, au kwamba mikono imeacha kazi. Neno hilo tutalirudia.

Tajiri na msafiri

Katika Kiswahili cha misafara, tajiri hakuwa tu mtu mwenye mali nyingi. Tajiri alikuwa mtu aliyekukopesha bidhaa. Msafiri aliweza kusema tajiri yangu ni fulani kama tunavyosema leo mwajiri wangu ni fulani. Tippu Tip mwenyewe, kwa masimulizi yake, hakuanza na tajiri mmoja. Aliazima kwa wengi. Kuingia kwa Taria Topan, mfanyabiashara wa Kikhoja kutoka Kutch aliyekuja kuwa miongoni mwa watu wenye nguvu kubwa zaidi za fedha Unguja, kulibadilisha uzani wa maisha yake. Safari yake ya tatu, ile kubwa, ilimweka bara kwa takriban miaka 12 hadi aliporejea Unguja mwaka 1882. Wakati huo wote kilichomuunganisha na pwani kilikuwa bidhaa zilizopanda, pembe zilizoshuka, na karatasi zilizokwenda pande zote mbili.

Maisha, aliyoyaandika kwa hati za Kiarabu kwa ombi la Heinrich Brode na kuchapishwa na Brode huyo kwa hati za Kirumi mwanzoni mwa karne ya 20, kisha kutafsiriwa kwa Kiingereza na W. H. Whiteley mwishoni mwa miaka ya 1950, husomwa kwa kawaida kama tawasifu ya kwanza ya Kiswahili. Hatulipingi hilo. Lakini tunashuku kuwa utanzu uliomfunza Tippu Tip kuandika si tawasifu, ambayo hakuwa na mfano wake kwa Kiswahili, bali ni barua ya biashara. Tazama mwendo wa nathari yake. Sentensi ni fupi, zinapokezana kwa ikawa na nikamwambia, hisia hazielezwi, masafa hupimwa kwa siku, kila tukio hufungwa kwa hesabu ya frasila, reale au bunduki. Mandhari ya misitu ya Manyema, ambayo wageni wa Ulaya waliijazia kurasa, kwake haipo. Hii si dosari ya mtu asiyejua kusimulia. Ni mtindo wa mtu aliyekuwa ametumia miaka 30 akimwarifu tajiri wake. Tajiri hahitaji kuelezwa uzuri wa mto. Anahitaji kujua unavukwa kwa siku ngapi. Tukiyasoma Maisha kama barua ndefu ya mwisho, iliyoandikwa na mzee asiye na tajiri tena wa kumwandikia, hata ukimya wake hupata maana.

Tukumbuke pia kwamba ushirika huo ulivuka hati na lugha. Vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja viliandikwa kwa Kigujarati. Waomani waliandikiana kwa Kiarabu. Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu kilikuwa na matatizo yake, kwa kuwa hati hizo zilipotumika bila nyongeza hazikutofautisha vizuri sauti kama p na b, au f na v, na msomaji alilazimika kukisia kwa kufuata maana. Kwa hiyo waraka wa Kiswahili haukuwahi kuwa siri ya watu wawili kwa namna ile ya barua ya Carnegie. Aghalabu aliuandika mwandishi, akausoma msomaji, mbele ya watu. Huenda hili ndilo linaloeleza kwa nini adabu yake ni nzito zaidi: iliandikwa kwa ajili ya masikio ya baraza.

Mizigo

Tuje sasa kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Katika barua na masimulizi ya misafara, wapagazi huhesabiwa kwa mizigo na wapiganaji huhesabiwa kwa bunduki. Mizigo 200 maana yake ni watu 200, kila mmoja akibeba kitu cha uzito wa takriban frasila mbili, yaani kiasi cha kilo 30. Bunduki 100 ni wanaume 100. Mwandishi aliyetuma salamu kwa watoto wa mshirika wake kwa majina, aliyeuliza hali ya wazee wa nyumba hadi wa upande wa ukeni, anapovuka wa baada anaacha kabisa kutaja watu. Mizigo imefika. Mizigo mitano imepotea. Katika lugha ya ufundi tungesema hii ni taashira ya kawaida, kitu kimoja kikisimama badala ya kingine kilichoambatana nacho. Lakini haitoshi kuipa jina la darasani. Mwingereza alimkata mtu akabakiza mkono unaofanya kazi. Mswahili wa msafara alimfuta mtu mzima, akabakiza kile alichokibeba.

Je, ipi ni mbaya zaidi? Mwanafunzi yule yule wa semina aliona kuwa ya kwetu ni mbaya zaidi, kwani mkono angalau ni sehemu ya mwili. Mimi sina hakika. Mzigo una mwisho wa safari. Ukitua, aliyekuwa mzigo huinuka akawa mtu tena, na historia ya wapagazi inaonyesha kuwa walijua sana kuinuka. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, ameeleza kwa kirefu jinsi wapagazi, Wanyamwezi hasa, walivyojadiliana ujira, wakagoma, na wakatoroka kwa makundi pale masharti yalipovunjwa. Wengine, waliotoka pwani, walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana wao, na sehemu ya ujira wao haikuwafikia. Hali zao hazikuwa sawa, na waraka huzisawazisha zote kwa neno moja. Lakini pale waraka unapoarifu kuwa wapagazi wamekimbia, sarufi hubadilika ghafla: ngeli ya vitu huacha nafasi kwa ngeli ya watu. Mzigo hauwezi kukimbia. Ili mwandishi alalamike, lazima kwanza akiri kuwa alikuwa na watu. Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili, kwa upatanisho wake wa ngeli usiomruhusu mwandishi kujificha, hutoboa siri ambayo Kiingereza kingeweza kuifunika. Ni jambo dogo, lakini kwa maoni yetu lina uzito kuliko uchambuzi mwingi wa dhamira.

Watu wa magharibi mwa Kenya wana haki maalumu ya kulisoma neno hili. Njia za Tippu Tip zilikuwa kusini ya mbali, kupitia Tabora na Ujiji, lakini misafara ya Kiswahili kutoka Pangani na Mombasa ilipita Umasaini hadi Kavirondo. Joseph Thomson alipokuja mwaka 1883, akiandamana kwa sehemu ya njia na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani, alifika mahali palipoitwa na wasafiri Kwa Sundu, ambapo baadaye pakawa Mumias, akausogelea mlima Elgon na mapango yake. Miongoni mwa bidhaa muhimu za msafara huo zilikuwa waya za chuma, seng'enge, maana Umasaini bila seng'enge hakukupitika. Ndivyo chuma cha viwanda vya ng'ambo kilivyoingia nchi ambayo tayari ilikuwa na chuma chake: wahunzi wa Samia waliyeyusha mawe ya chuma na majembe yao yakauzwa na kutolewa mahari katika sehemu nyingi za Buluhya. Ushirika wa wahunzi na wachuuzi wa majembe haukuacha barua. Uliacha masimulizi, na masimulizi hayo hayahesabu watu kwa mizigo, kwa sababu msimulizi hutaja aliyekuja, ukoo wake, na alikolala.

Chuma cha Pittsburgh chenyewe kilitufikia baadaye kidogo, kwa njia ya moja kwa moja kuliko wengi wanavyojua. Madaraja 27 ya chuma ya Reli ya Uganda, kati ya Nairobi na Ziwa Victoria, yalitengenezwa na kampuni ya Marekani, American Bridge Company, iliyoundwa mwaka 1900 kwa kumeza makampuni kadhaa, miongoni mwao ile ya madaraja ya Carnegie.

Barua mahakamani

Ushirika wa aina hii una tabia ya kufia mahakamani, na hapo barua hubadilika utanzu: ikawa ushahidi. Carnegie na Frick waligombana juu ya bei ya makaa na juu ya thamani ya hisa za mshirika anayeondolewa. Frick alijiuzulu mwaka 1899, akashtaki, wakapatana mwaka 1900, na mwaka 1901 mali yote ikauzwa kwa J. P. Morgan kwa dola milioni 480. Kila upande ulizirudia barua za zamani kwa jicho la wakili. Maneno ya uchangamfu yaliyoandikwa miaka kumi nyuma yakawa ahadi, au yakakanwa kuwa ahadi.

Kisa cha Tippu Tip kinavutia zaidi kwa mhakiki, kwa kuwa ndani yake dhana mbili za neno ziligongana. Mwaka 1887, Unguja, alifanya mkataba na Henry Morton Stanley kuhusu safari ya kumwokoa Emin Pasha. Stanley alidai kuwa aliahidiwa wapagazi 600 na kwamba hawakuletwa kwa wakati. Tippu Tip alishikilia kuwa baruti na risasi walizopaswa kupewa watu hao hazikutolewa, na kwa hiyo sharti lilikuwa limevunjwa na upande wa pili. Mwishoni mwa mwaka 1889 Stanley alifungua shauri mbele ya mahakama ya balozi wa Uingereza Unguja ili azuie zaidi ya pauni 10,000 zilizokuwa mikononi mwa nyumba ya biashara ya Taria Topan. Fedha hizo zilikuwa za Tippu Tip, malipo ya pembe kutoka Dola Huru ya Kongo. Kwa nini Taria? Kwa sababu Taria alikuwa raia wa Uingereza wa Kihindi, na mahakama ile iliweza kumfikia yeye ilhali haikuweza kumfikia mtu wa Stanley Falls. Kwa maneno mengine, ushirika uliojengwa juu ya waraka wenye sifa na dua uligeuzwa kuwa mlango wa nyuma wa kumkamata mshirika. Habari zilimfikia Tippu Tip bara. Akaondoka mwaka 1890, akaugua njiani, akafika Unguja mwaka 1891. Shauri liliachwa bila hukumu. Taria Topan alifariki mwaka huo huo wa 1891. Baadaye Rumaliza, mshirika wake wa Ujiji, naye akamshtaki juu ya mali ya ushirika wao.

Kuna pingamizi tusiloweza kulipuuza. Mwenzetu mmoja aliyesoma rasimu ya makala hii alisema kuwa tunawaingiza wauza watumwa katika ukumbi wa fasihi kwa kisingizio cha mtindo, na kwamba barua hizi zina damu. Zina damu, kweli. Lakini tunajua hivyo kwa kusoma, si kwa kutosoma. Mwanahistoria akikuta mizigo 200 huiandika katika jedwali la biashara ya pembe na kuendelea. Na hana kosa, hiyo ndiyo kazi yake. Ni mhakiki wa lugha anayesimama kwenye neno mzigo na kuuliza nani alikuwa chini yake. Kuziacha barua hizi nje ya somo letu kwa sababu ya uovu wa waandishi wake ni kuwapa waandishi hao ulinzi ambao hawakuuomba. Tunakiri kuwa kuna hatari ya kuvutwa na uzuri wa salamu hadi tukasahau. Sisi wenyewe tumevutwa mara kadhaa.

Matajiri wote wawili waliacha majengo. Ile zahanati ya Taria Topan iliyoko pwani ya Mji Mkongwe, yenye roshani za nakshi, ilianzishwa mwaka 1887 kwa heshima ya jubilii ya Malkia Victoria. Fedha za wakfu wa Carnegie zilisaidia maktaba ya McMillan, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, ambamo wanafunzi wetu wamesoma kwa vizazi kadhaa. Nakshi na nguzo pia ni aina ya salamu.

Tukirudi Matisi: fundi alituruhusu kuvisoma vikaratasi vyake kwa sharti kwamba tusitaje jina lake wala bei zake. Muundo wake ungemfurahisha Büttner. Salamu huja kwanza, na hali ya watoto, na ya mvua, na mahindi yamefikia wapi. Halafu, bila wa baada lakini kwa mstari mmoja mtupu unaofanya kazi ile ile, huja hesabu ya nondo, ya vyuma vya mraba, ya bati, na deni la mwezi uliopita ambalo kila mmoja analikumbuka kwa namna yake. Kuna kimoja cha hasira, kisicho na salamu hata moja, na fundi aliponionyesha alikigeuza haraka, miaka mingi baadaye, kama mtu aliyevuliwa nguo. Vijana waliopanda na mizigo juu ya matatu kutoka Bungoma hawahesabiwi humo kwa nondo walizozishikilia. Kila mmoja ameandikwa jina lake na la baba yake, na pembeni kiasi anachodai, kwa kuwa mshirika wa Bungoma hakuwa amemlipa, na asingemlipa, na fundi wa Matisi alitakiwa ajue ni nani amesimama mlangoni akimsubiri.